Kiungo Kinakwenda Wapi? Namna ya Kujikagua Viungo Ukiwa Barazani

Kabla hujamwita mkandaji, na kabla hujamimina mafuta ya nazi kiganjani, jua kwanza kiungo kinachokuuma kimeumbwa kiende wapi. Kazi yangu ni tiba ya viungo, hapa hapa Amu, yaani mji wa Lamu, na wengi wanaofika kwangu wanafika wakiwa wameshavutwa: kidole kimevutwa, bega limevutwa, mkono wa mtoto umevutwa. Aliyevuta hakuwa na nia mbaya, ila alivuta upande ambao kiungo kile hakina njia. Wala sisemi wakandaji wote wako hivyo. Namjua bibi mmoja wa Langoni ambaye hagusi mkono uliovimba mpaka aushike kwanza ule mzima, aukunje, aunyooshe, augeuze, ndipo ahamie kwenye mgonjwa. Anachofanya yeye ndicho nitakachokuonyesha.

Kaa barazani, au juu ya kiti kisicho na mikono, ukunje mikono ya kanzu. Mama zangu, fanyeni ndani, buibui limetundikwa. Kifaa hakihitajiki. Mimi nina kipimapembe cha plastiki kwa sababu lazima niandike nyuzi kwenye faili, lakini wewe kipimo unacho mwilini, nacho ni upande wa pili. Kama mkono wa kulia unakwenda mpaka pale na wa kushoto unakomea hapa, umeshapata habari kuliko kuambiwa nyuzi za mtu mwingine.

Kwa kila kiungo jiulize mambo matatu. Kinakwenda njia ngapi? Kinakomea wapi? Na kinapokoma, kinakomaje?

Hilo la tatu watu hulisahau, nalo ndilo lenye habari nyingi. Nyoosha kiwiko mpaka mwisho: kinagonga, mfupa kwa mfupa, hakuna nafasi tena. Kikunje sasa: kinakomea laini, nyama ya kigasha, yaani mkono wa chini ya kiwiko, imekutana na nyama ya mkono wa juu. Kisha kisukume kidole cha shahada kiende nyuma kwa mkono mwingine: kinakaza polepole, kano zinavutika. Miisho hiyo mitatu ni ya afya. Uko wa nne. Kiungo bado kina nafasi, hujagonga chochote, lakini unayemkagua anaruka na kukukamata mkono. Hapo njia haijaisha, maumivu ndiyo yamekusimamisha, na wewe usimame papo hapo.

Kiwiko, na mkono unaogeuka

Naanza na kiwiko kwa sababu chini ya ngozi ile moja mna miendo miwili tofauti kabisa, na anayeitenganisha hapo hapati tabu kwingine.

Mwendo wa kwanza ni wa bawaba: kukunja na kunyoosha, basi. Kutoka mkono ulionyooka mpaka uliokunjwa ni nyuzi 145 hivi. Wapo ambao kiwiko chao hupita unyoofu kidogo kikarudi nyuma, na mikono yote miwili ikiwa hivyo, huo si ugonjwa.

Mwendo wa pili ni wa kuzunguka. Bana kiwiko ubavuni, kikunje mraba, shika kalamu ngumini isimame wima. Geuza kiganja kitazame juu, kalamu italala kuelekea nje. Kigeuze kitazame chini, italala kuelekea ndani. Kila upande ni nyuzi 80 hadi 90. Sasa weka kidole gumba cha mkono mwingine upande wa nje wa kiwiko, chini kidogo ya ile nundu ya mfupa, urudie kugeuza. Utahisi kitu cha duara kikizunguka chini ya kidole chako. Hicho ni kichwa cha ule mfupa wa kigasha ulio upande wa gumba. Watu hudhani kiganja hugeuzwa na kifundo cha mkono, kumbe kifundo kinabebwa tu. Mama aliyekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, kijana wa kirumbizi anayekinga fimbo ya mwenzake, fundi anayekaza parafujo, wote wanageuza kigasha kizima, mfupa mmoja ukipita juu ya mwenzake.

Na hapa nina neno na wenye watoto wadogo. Kile kichwa cha mfupa kimeshikwa na ukanda wa kano unaokizunguka, na kwa mtoto wa mwaka mmoja mpaka minne hivi, mkono ukivutwa kwa nguvu kinaweza kuchopoka kwenye ukanda huo. Nasi tunawavuta. Mashua imefika gatini, maji yametoka, ngazi iko juu, na aliye juu anamdaka mtoto kiganja kimoja na kumnyanyua. Mtoto analia, halafu ananyamaza, lakini mkono hautumii tena. Umening'inia, umekunjika kidogo, kiganja kimegeukia ndani, na ukimpa biskuti anaipokea kwa ule mwingine. Huoni uvimbe. Aliyefunzwa huurudisha kwa muda mfupi sana, kwa kuugeuza na kuukunja, na baada ya dakika chache mtoto anaipokea biskuti yake kama kawaida. Wewe usijaribu, kwa sababu mkono uliovunjika nao mtoto hautumii, na kwa macho huwezi kutofautisha. Kumtoa mtoto chomboni, mshike chini ya makwapa yote mawili.

Bega

Bega ni kichwa cha duara kilichokaa kwenye kikombe kidogo kisicho na kina. Kwa hiyo linakwenda mbele, nyuma, kando, ndani, na kujizungusha lenyewe, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna kiungo kikubwa kinachochomoka kama hilo, mara nyingi kuelekea mbele.

Likague hivi. Nyanyua mikono yote miwili kwa kando mpaka viganja vikutane juu ya kichwa. Kisha peleka kiganja nyuma ya kisogo. Kisha kipeleke mgongoni, gumba lipande kufuata uti wa mgongo kadiri liwezavyo. Mwisho bana viwiko ubavuni, vikunje mraba, ufungue vigasha kuelekea nje kama mlango wa kabati. Huu wa mwisho usiuache, nitakwambia kwa nini.

Ule mnyanyuo kamili ni nyuzi 180, ila si zote za kiungo chenyewe. Kama 120 zinatoka begani na 60 zinatoka kwenye kombe la bega linaloteleza juu ya mbavu. Mwambie mwenzako aweke kidole kwenye ncha ya chini ya kombe lako huku unanyanyua. Bega zima, mkono huanza na kombe likafuata. Bega gonjwa, kombe hutangulia.

Alikuja fundi mmoja wa majahazi kutoka Matondoni, mtu mzima, ameletwa na mwanawe.

"Mwanangu, mkono hauendi yuu."

"Hebu unyanyue nione, baba."

Bega likapanda mpaka karibu na sikio, mwili ukainama upande wa pili, na mkono wenyewe ukakomea usawa wa kifua. Kombe lilishaondoka chini ya kidole changu kabla mkono haujaanza. Nikamwambia alegeze, nikaunyanyua mimi: ukakomea pale pale. Tukabana viwiko ubavuni, nikafungua vigasha nje. Cha kushoto kikafunguka vizuri, cha kulia kikatoka kidogo tu kikakwama.

"Baba, sukari umepima?"

Akacheka, akamtazama mwanawe.

Tofauti ninayoitafuta ni hii. Kama mwenyewe huwezi kunyanyua lakini mtu akikunyanyulia mkono unakwenda, njia iko wazi na shida iko kwenye misuli au kano zake. Kama hata kwa kunyanyuliwa hauendi, na ule mgeuko wa kufungua nje ndio uliopungua zaidi, basi mfuko unaozunguka kiungo umekaza, bega limeganda. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, na wenye kisukari kuliko wengine. Huachia, ila kwa miezi mingi, pengine mwaka au zaidi, na halitaki kuvutwa. Linataka mwendo mdogo wa kila siku: jiinamie, mkono mzima ukiegemea kiti, ule mgonjwa uning'inie na uuzungushe polepole, duara ndogo kwanza. Fundi wangu aliendelea kuchonga mbao kwa tezo, kwa sababu kazi yake ilikuwa chini, usawa wa magoti. Kutoboa kwa keke na kuziba kwa kalafati juu ubavuni mwa chombo akawaachia vijana.

Bega lililochomoka utalijua. Ule mviringo wa nje umepotea, bega limekaa mraba, na mwenyewe hawezi kugusa bega la pili kwa mkono huo. Ufunge mkono kwa leso jinsi ulivyo, usiunyooshe, nenda hospitali. Mwambie daktari kama ngozi ya upande wa nje wa bega imekufa ganzi, maana mshipa wa fahamu unapita pale pale.

Nyonga na goti

Nyonga ni aina ile ile ya bega, ila kikombe chake ni kirefu na kimekishika kichwa cha paja sawasawa. Mwendo umepungua, uimara umeongezeka. Kaa kwenye baraza ndefu miguu ining'inie, magoti yakae pamoja, kisha peleka unyayo nje bila paja kunyanyuka. Mguu unaonekana unatoka nje, lakini paja lenyewe linajigeuza kuelekea ndani. Nyonga ambayo gegedu yake, ule mfupa laini unaofunika ncha za mifupa, inalika hupoteza mgeuko huo mapema, kabla hata mwenyewe hajaanza kuchechemea.

Na mahali pa maumivu panadanganya. Mtu huweka kiganja takoni akasema "nyonga", na mara nyingi hiyo ni habari ya mgongo. Nyonga yenyewe huuma kinenani, na wakati mwingine maumivu yake hujitokeza gotini, mgonjwa akalipaka goti dawa huku goti halina kosa. Goti likiuma na ukalikagua ukalikuta zima, panda ukakague nyonga.

Goti lenyewe ni bawaba inayokunja kama nyuzi 135 au 140, lakini ina siri. Likiwa limenyooka kabisa linajifunga, huwezi kuligeuza. Likunje mraba, weka viganja pande zote mbili za muundi, geuza vidole vya mguu ndani na nje: utahisi mfupa wa muundi ukijigeuza kidogo. Kijana akipiga mpira wa mchangani, mguu umekita, goti limekunjika, mwili ukageuka peke yake, ndipo anapoumia ndani. Goti linalokataa kunyooka baada ya ajali ya namna hiyo, linalokwama kama kuna kitu kimelizuia, lisilazimishwe kunyooka. Kuna uwezekano kipande cha gegedu ya katikati kimeingia njiani.

Wazee wetu wana kipimo cha magoti ambacho sihitaji kuwafundisha. Mzee akiniambia miguu inamsumbua, namuuliza ni mahali gani pa swala pameanza kumshinda. Akisema kurukuu, naangalia nyonga, mgongo na misuli ya nyuma ya paja. Akisema kushuka sijida, au kuinuka, naangalia goti na nguvu ya paja la mbele. Akisema kikao cha tahiyatu, namuuliza zaidi, kwa sababu kikao kile kinataka goti likunjwe karibu na mwisho wake, kifundo cha mguu wa kushoto kilale, na vidole vya mguu wa kulia vikunjwe kurudi nyuma. Mara nyingi goti linalaumiwa bure na mwenye kosa ni kiungo cha kidole gumba cha mguu, kilichokaza miaka mingi bila mtu kukitazama. Likunje hilo gumba kwa mkono kuelekea juu, ulinganishe na la pili. Mtu anayeswali kwenye kiti kwa ajili ya gumba moja, naona inafaa ajue.

Kifundo cha mguu

Hapa napo pana viungo viwili, kimoja juu ya kingine. Cha juu ni bawaba: unyayo juu kama nyuzi 20, unyayo chini kama 50. Cha chini yake hupeleka unyayo ndani na nje, na ndicho kinachokuwezesha kupita vichochoro vya Mkomani vyenye mawe yasiyolingana, au kutembea mchanga wa Shela, bila kuanguka. Vikague mbali mbali. Shika kisigino kwa kiganja ukiyumbishe ndani na nje bila kuukunja unyayo.

Mguu ukiteguka, kwa kawaida unyayo umegeukia ndani na kano za upande wa nje ndizo zilizoumia. Ngazi za gati zenye mwani ndizo zinazoniletea wateja. Bonyeza mfupa wa kifundo kwenye ncha yake na ukingo wake wa nyuma, ndani na nje. Kama mfupa wenyewe unauma ukibonyezwa, au mtu hawezi kupiga hatua nne, anahitaji picha ya eksirei. Asipokuwa na hayo, yaelekea ni kano tu. Muache akanyage kadiri anavyoweza, mguu aunyanyue akikaa.

Kiganja

Fungua vidole, vitawanye. Sasa kunja ngumi, kisha jaribu kuvitawanya ndani ya ngumi. Havitawanyiki. Viungo vya konzi, pale vidole vinapoanzia kiganjani, vina njia mbili, kukunja na kutawanya, lakini vikikunjwa kano za pembeni hukaza na kuifunga njia ya pili. Viungo vya katikati ya kidole na vya karibu na kucha havikupewa njia ya pili kabisa, ni bawaba tupu. Kwa hiyo kidole kilichopigwa na mpira kikaanza kuyumba pembeni katikati kina kano iliyokatika, na kukivuta "kiingie" ni kumalizia kukata.

Kifundo cha mkono kina njia mbili kubwa, mbele na nyuma, kisha kando na kando, na ukizichanganya unapata mzunguko. Ndani yake mna vifupa 8 vinavyotelezeana. Kimoja kiko kwenye kishimo kilicho chini ya gumba, kinachoonekana ukilinyoosha gumba. Ukiangukia kiganja na kishimo hicho kikauma kubonyeza, usiridhike na "umeteguka tu". Kifupa hicho kikivunjika huchelewa kuunga, na picha ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe kitu.

Gumba limepewa kiungo cha pekee chini yake, mifupa miwili iliyopindika ikapandana kwa kukingamana. Linakwenda mbele, nyuma, kando, na kuvuka kiganja mpaka kukigusa kidole cha mwisho. Mama wa Kipungani anayesuka ukili hulisukuma gumba dhidi ya cha shahada kutwa nzima, na uzeeni kiungo hicho ndicho hulika. Dalili yake ni maumivu kwenye tako la gumba wakati wa kubana, kufungua kifuniko cha chupa, kugeuza ufunguo. Akibana kitu kinene badala ya chembamba hupata nafuu.

Wanaoniuliza kuhusu kualisha vidole nawajibu hivi: ule mlio ni wa kiputo cha hewa ndani ya ute wa kiungo, na ndiyo maana kidole kikishaalika hakialiki tena mpaka kama dakika 20 zipite. Yuko daktari wa Marekani, Donald Unger, aliyejialisha vidole vya mkono mmoja tu kwa zaidi ya miaka 60 akauacha wa pili, kisha akaripoti kwamba hakuona tofauti. Alipewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel mwaka 2009. Mtu mmoja si ushahidi mkubwa, lakini mwanao ukimgombeza, mgombeze kwa sababu ya kelele.

Shingo na mgongo

Kuitikia "ndiyo" kwa kichwa hufanyika baina ya fuvu na pingili ya kwanza. "La" hufanyika baina ya ya kwanza na ya pili, na hapo pana kitu ambacho watu wa milango ya nakshi watakielewa haraka. Ubao wa mlango wa kale haufungwi bawaba, una kigingi kilichosimama kwenye tundu na mlango wote unazunguka juu yake. Pingili ya pili ina kigingi cha mfupa kilichosimama hivyo, na ya kwanza huzunguka pamoja na kichwa. Karibu nusu ya mgeuko wa shingo yako unapotoa salamu, kulia kisha kushoto, ni ya hapo. Kidevu kikikaribia bega pande zote mbili, ni sawa.

Shingo hii usiikague kwa mtu aliyeanguka kutoka mnazini, wala kwa kijana aliyejitosa kichwa mbele kutoka gatini maji yakiwa yamekupwa. Mwache alale alivyo, kichwa kishikwe kisitikisike, msaada uitwe.

Pingili nyingine zimeunganishwa na sahani za gegedu. Kila moja inatoa mwendo mdogo, zikijumlishwa mtu anainama. Kiungo cha mbele cha fupa la nyonga ni cha jamii hiyo hiyo, na hulegea kidogo kwa mjamzito. Mifupa ya fuvu la mtu mzima imeshonana haina mwendo, ingawa kwa mtoto mchanga bado ina nafasi, na utosi wa mbele kwa kawaida hufunga kufikia mwaka mmoja na nusu.

Ukienda hospitali

Kiungo chochote kilichovimba ghafla, kikawa moto, na mtu ana homa, kisisubiri kesho wala mkandaji. Usaha ndani ya kiungo huharibu gegedu kwa siku chache.

Kwa mengine yote, ukishajikagua, usiseme tu "viungo vinaniuma". Sema ni kipi, ni njia ipi imepungua, na kinakomaje. "Bega la kulia, kufungua nje kumepungua nusu ya kushoto, na hata nikinyanyuliwa hauendi." Aliye mezani akisikia hivyo ataweka kalamu chini na kukwambia uvue shati.